Beni: Frodo ameokoa kijiji, kwa nini asikae?

Ubishi umezuka katika parsele moja mjini Beni, na safari hii si wa maji wala wa kodi ya nyumba. Ni juu ya mwisho wa hadithi.

Mwalimu mmoja aliyekimbia vita, anayeishi hapo kwa familia iliyompokea, amekuwa akiwasimulia watoto kila jioni Le Seigneur des anneaux, hadithi ndefu ya Mwingereza J.R.R. Tolkien iliyotoka kwa vitabu 3 kati ya 1954 na 1955. Vitabu hivyo, kwa Kifaransa, ni kati ya vitu vichache alivyobeba. Mkewe bado anauliza kwa nini hakubeba sufuria.

Wiki hii alifika mwisho, na watoto wakakasirika. Frodo, yule mtu mfupi aliyepeleka pete ya uovu hadi mlima wa moto, ameokoa nchi yake. Halafu hata miaka miwili haiishi tangu arudi, anapanda meli na kuiacha moja kwa moja.

“Mwalimu, sasa aliteseka bure?” msichana mmoja aliuliza.

Mwalimu angeweza kubadilisha mwisho, maana kitabu ni chake. Hakubadilisha. Aliwakumbusha usiku ule Frodo alipochomwa kisu begani, mapema kabisa katika safari. Kidonda kilifunga, lakini tarehe ile ikirudi, maumivu nayo yanarudi. Msiba unaoangushwa ghafla siku ya mwisho ni ujanja wa mwandishi. Huu ulitembea na wasikilizaji tangu mwanzo. Tolkien alijua vita: alikuwa Somme, Ufaransa, mwaka 1916, na kufikia 1918 marafiki zake wa karibu walikuwa wamekufa wote isipokuwa mmoja.

Kijana aliyeona filamu ya 2003 kwenye simu alipinga: Frodo na wenzake walikuta kijiji kizima, watu wanakunywa pombe yao. Katika filamu, ndiyo. Katika kitabu wanakuta miti imekatwa, nyumba zimebomolewa, wageni wanatoa amri na kukusanya mavuno, na baadhi ya wenyeji wanawasaidia. Inabidi wapigane tena, na wenyeji 19 wanakufa. Hapo wakubwa waliokuwa wakisikiliza kando walinyamaza. Shamba la kakao linavunwa na wengine huku mwenyewe yuko mjini; hilo halihitaji mwalimu.

Utamu wa hadithi uko kwa Sam, mtunza bustani aliyembeba Frodo mgongoni pale mlimani. Bibi Galadriel alikuwa amempa kasha dogo la udongo. Angeweza kuumwaga wote katika bustani yake. Badala yake anazunguka nchi nzima, anapanda miche mahali pa miti iliyokatwa, na kwenye kila shina anaweka chembe moja. Ni kazi ya mikono, na haimfufui mtu. Ndiyo sababu inaaminika.

Sam anamsindikiza Frodo hadi bandarini, kisha anarudi nyumbani. Chakula kiko tayari, mkewe Rosie anamngoja, na binti yao Elanor anawekwa mapajani mwake. Elanor ni jina la ua. Frodo ndiye aliyesaidia kulichagua.