Je, Septimus ni Virginia Woolf?

Swali la tawasifu katika riwaya huwaponza watahiniwa wengi. Akishajua kwamba mwandishi aliwahi kuugua, mtahiniwa huandika, "Mhusika huyu ni mwandishi mwenyewe," akaweka nukta na kuhamia swali jingine. Hapo hajajibu kitu.

Chukua Mrs Dalloway, riwaya ya Virginia Woolf iliyotoka mwaka 1925. Matukio yake ni ya siku moja tu ya Juni 1923 jijini London, lakini kwa mbinu rejeshi na mtiririko wa fikra tunarudishwa miaka mingi nyuma. Clarissa Dalloway anaandaa karamu. Septimus Warren Smith, aliyepigana Vita Kuu ya Kwanza, bado anamwona rafiki yake Evans, aliyeuawa Italia vita vikikaribia kwisha. Clarissa na Septimus hawakutani.

Woolf hakuwahi kushika bunduki. Alichokijua ni maradhi ya akili. Mwaka 1904, baada ya kifo cha baba yake, aliugua vibaya, na baadaye akasimulia kwamba akiwa kitandani aliwasikia ndege wakiimba kwa Kigiriki. Septimus naye, katika bustani ya Regent's Park, anawasikia shomoro wakiimba kwa Kigiriki. Huo ni ushahidi, utaje.

Lakini ningekushauri ukae zaidi kwa madaktari. Mara kadhaa Woolf aliamriwa apumzike, ale na kunywa maziwa kwa wingi, akae mbali na marafiki, apunguze kusoma na kuandika. Riwayani, Dkt. Holmes anasema mgonjwa hana lolote. Sir William Bradshaw anataka kumtenga na mkewe, Rezia, na kumpeleka nyumba ya mapumziko. Hasira ya kurasa hizo imetoka kwa mtu aliyeyaonja. Nami sizisomi kwa utulivu: mjomba wangu alirudi kutoka jeshini akiwa kimya, na wakubwa wote nyumbani wakamwambia ale ashibe, alale, atasahau. Hakusahau.

Sasa angalia alichokibadilisha Woolf. Ugonjwa wake amempa mwanamume, karani aliyekwenda vitani, na chanzo chake amekihamishia vitani huko. Uchungu wa mtu mmoja umegeuka mashtaka dhidi ya tabaka lililowapeleka vijana kupigana, kisha likawataka wanyamaze. Tena, katika utangulizi wa mwaka 1928, alieleza kwamba mwanzoni Septimus hakuwamo kabisa. Clarissa ndiye aliyekusudiwa kufa. Kwa hiyo nafsi ya mwandishi itafute kwa wote wawili. Katikati ya karamu yake Clarissa anasikia kwamba kijana asiyemjua amejirusha dirishani, na anajiona yuko karibu naye kuliko wageni aliowaalika. Ukiambiwa "Jadili," anzia kwenye karamu hiyo.