Faini Isiyoisha kwa Kulipwa

Shemeji,

Salamu kutoka Reading, Uingereza. Sauti uliyonitumia WhatsApp nimeisikia, na kicheko chako pia. Umepigwa tochi ya mwendo Bahi ukitokea Manyoni, umeandikiwa elfu thelathini, umelipa kwa simu kabla hujafika Nala, yakaisha. Ukauliza kama huku nako kuna tochi.

Zipo, ila husimamishwi. Kamera inakupiga picha, na ndani ya siku 14 barua inatumwa kwa mwenye gari. Naye ana siku 28 za kumtaja aliyekuwa kwenye usukani. Mitaa mingi mwisho ni maili 30 kwa saa, yaani kilomita 48, kwa hiyo kibao chetu na kile chenu cha 50 ni ndugu.

Faini ya kawaida ni pauni 100. Hiyo inauma siku moja. Kinachouma zaidi ni pointi 3 zinazoingia kwenye leseni na kukaa humo miaka 4. Zikifika 12 ndani ya miaka 3, kwa kawaida unafungiwa kuendesha miezi 6. Aliyezidisha kidogo, tuseme 36 penye 30, mara nyingi hupewa nafasi ya kuhudhuria darasa badala ya kupata pointi, mradi hajalipitia miaka 3 iliyopita. Watu hulilipia darasa hilo kwa furaha ya ajabu! Wanajua wanachokwepa: bima.

Kampuni za bima huku huuliza makosa ya miaka 5. Pointi zimeshafutika kwenye leseni, wenye bima bado wanazikumbuka. Bei inapanda, na ukificha, siku ya ajali wanaweza kukataa kulipa.

Kwetu bima hutazama gari, dereva haimhusu sana. Bima ndogo ya gari binafsi ni 118,000 pamoja na VAT, kwako wewe wa tochi na kwa yule mzee wetu wa Kongwa asiyewahi kuandikiwa. Bima kubwa ni asilimia 3.5 ya thamani ya gari: Noah ya milioni 15 ni 525,000 kabla ya VAT, aendeshe mstaarabu au mwendawazimu.

Mzee wa Kongwa anaonewa, mimi nasema hivyo. Lakini sitaki tuige ya huku yote. Kijana wa miaka 19 asiye na kosa lolote mara nyingi hutozwa zaidi kuliko mtu mzima mwenye pointi zake, na hata mtaa unakolala unaingizwa kwenye hesabu. Miaka uliyosaga lami ya Dodoma na Singida bila kugonga hata mbuzi, kampuni nyingi za huku haziitambui.

Mwambie mpwa wangu anayejiandaa kuja: leseni ya Tanzania itamfaa miezi 12 tu, kisha afanye mtihani wa huku. Akishaipata ya huku, pointi 6 ndani ya miaka 2 ya kwanza zinaifuta, anaanza upya. Hizo ni tochi mbili.

Nawe, kabla hujatoa hela ya ile Noah ya Kibaigwa, ingiza namba yake kwenye mfumo wa trafiki uone kama inadaiwa. Huko deni hukaa kwenye namba ya gari, na muuzaji akishapokea chake, simu yake usitegemee itapatikana.

Nisalimie dada.