Kontrola ya pampu ya sola iliyozibwa kwa gundi: weka tindo chini kwanza

Mimi ni bwana shamba, si fundi redio. Ila tangu pampu za sola ziingie kwenye bustani zetu, kila kiangazi napigiwa simu ile ile: kontrola imekufa, imefunguliwa, na ndani imemwagiwa gundi nyeusi kama lami. Nyanya zilizo kwenye maua hazisubiri, na kontrola mpya si hela ndogo. Hapo ndipo watu hushika tindo na nyundo.

Gundi hiyo imewekwa makusudi, kuzuia unyevu, vumbi na mtikisiko. Kama waranti bado ipo, usiiguse, irudishe ulikonunua. Kama imekwisha, chomoa paneli kwanza, maana jua likiwaka paneli haizimwi. Kisha subiri, na kila unapofikia nyaya au miguu ya kapasita, ipime kwa mita mpaka isome karibu na sifuri. Wenye mashine za uzio wa umeme wa mifugo waogope zaidi: kapasita zake hubeba mamia ya volti.

Sasa bonyeza gundi kwa ukucha. Ikibonyea na kurudi kama mpira, yaelekea ni silikoni. Hiyo hutoka kwa kijiti cha mwanzi kilichochongwa, kidogo kidogo. Ikiwa ngumu kama jiwe, yaelekea ni epoksi, nayo hulainishwa kwa joto. Fundi aweke bloa yake nyuzi 100 hivi, apulize sehemu ndogo, achokonoe tabaka jembamba, apulize tena. Lehemu ya bati na risasi huyeyuka kwenye nyuzi 183, kwa hiyo hapo iko salama. Kapasita nyingi zimeandikwa 85 au 105, basi hewa isikae juu yake. Bisibisi hapana, hukata njia za shaba. Petroli nayo hapana. Huvimbisha silikoni kweli, lakini petroli na bloa meza moja! Fanyieni kazi nje, epoksi ikiungua moshi wake ni mbaya.

Wala msivue bodi nzima. Mimi huwaambia waanzie nyaya zinapoingilia, kwani mara nyingi fyuzi iko hapo. Mama mmoja ninayemhudumia, mwenye robo eka ya nyanya, fundi wake alichimba eneo dogo kama sarafu akakuta fyuzi imekatika. Kijana wa shamba alikuwa amegeuza nyaya za paneli. Waliweka nyingine ya ampea zile zile, na jioni maji yalikuwa kwenye matuta.

Kuziba tena, usitumie silikoni ya madirisha inayonuka kama siki, hiyo hula shaba. Tafuta isiyo na harufu hiyo, iache saa 24 ikauke, halafu weka alama ya rangi kwenye waya chanya kabla hujaunga paneli.