Kanda, Diski na Flashi ya Shangazi

Televisheni ya kwanza nyumbani kwetu Tanga ilinunuliwa kwa ajili ya deki. Zanzibar walikuwa na kituo chao, tena cha rangi, tangu 1973, lakini Bara tulisubiri mpaka ITV ilipoanza mwaka 1994. Kabla ya hapo, mtu wa Bara mwenye televisheni sebuleni aghalabu alikuwa na deki ya VHS chini yake, na jina lake lilikuwa kwenye daftari la laibrari ya video.

Laibrari ya mtaani kwetu ilikuwa ya ami yangu. Kanda aliyoipenda ni E-180, kwa kuwa inabeba dakika 180 na filamu ya Kihindi iliingia nzima, na nyimbo zake zote. Ukiirudisha bila kuivuta hadi mwanzo, unalipa faini. Lakini wateja hawakumsumbua kama ilivyomsumbua hewa ya pwani. Utepe uliota ukungu mweupe, ukungu ukahamia kwenye hedi za deki, na jioni picha ikawa chenga tupu. Ami alishinda barazani na kichupa cha spiriti, akifuta hedi huku akilaani unyevu.

VCD ilipoingia, aliicheka. Nami naona alikuwa na hoja. Picha yake ni nukta 352 kwa 288, na mapigano yakiwa ya usiku unaona vijisanduku vikikimbizana. Diski moja haifiki mbali zaidi ya dakika 74 au 80, hivyo filamu ileile ya Kihindi ikahitaji diski tatu, na kila mara lazima mtu ainuke kubadilisha palepale penye utamu. Marekani na Ulaya hawakuijali kabisa.

Huku ikashika. Diski haioti ukungu. Kunakili kanda kulichukua muda uleule wa kuitazama, na nakala ya nakala ilififia hadi nyuso zikapotea. Diski ilinakiliwa kwa dakika chache, na ya mia haikutofautiana na ya kwanza. Sinema za Kichina na Kimarekani zenye sauti ya Lufufu akitafsiri na kutia chumvi zikahama kutoka kwenye kanda. Filamu za mwigizaji Kanumba na wenzake zikauzwa sehemu ya kwanza na ya pili, kila moja na kasha lake. Wasanii waliumizwa sana na wizi huo wa kunakili, na sioni kama walilipwa haki yao hadi leo. Ami naye akafunga laibrari: nani akodi kanda ilhali diski ni yake moja kwa moja?

DVD ilipita mlango uliokwisha kufunguliwa. Mashine yake ilisoma na VCD, kwa hiyo hakuna aliyetupa alichonacho. Ile nafasi yake ya GB 4.7 ilikusudiwa kuleta picha safi. Kariakoo wakaitumia kubananisha filamu ishirini kwenye diski moja. Kila tulipopewa nafasi ya kuchagua kati ya uzuri wa picha na wingi wa picha, tulichagua wingi.

Ndiyo maana vita ya mwaka 2006, Blu-ray dhidi ya HD DVD, ilitupita kando. Toshiba, wenye HD DVD, waliinua mikono Februari 2008, Blu-ray ikabaki na ushindi wake wa GB 25 kwa tabaka moja, na mtaani kwetu sikusikia mtu akiiulizia. Kilichokuja ni mashine ya bei poa yenye tundu la flashi, kisha kijana wa stendi mwenye kompyuta iliyojaa tamthilia. Unachagua, anakujazia, unaondoka na msimu mzima mfukoni. Flashi feki zipo: inajitangaza GB 64, ukishaweka chache tu inaanza kuyameza mafaili. Hata hizo hazikuwarudisha watu kwenye diski.

Mwaka jana shangazi aliniletea harusi yake. Alikuwa na kanda ya VHS, na DVD ambayo fundi mmoja alimchomea miaka ya baadaye ili kanda ipumzike. DVD haikusomeka popote; rangi ya diski za kuchoma hufifia zenyewe, hata zikikaa kabatini. Kanda, pamoja na ukungu wake, ilikuwa bado hai. Kazi ilikuwa kupata deki, kwa sababu Funai wa Japani, waliokuwa wa mwisho kuziunda, waliacha mwaka 2016. Tuliipata kwa fundi mzee, mkanda wake wa mpira umelegea, akaubadilisha.

Sasa harusi iko kwenye flashi mbili na diski ya kompyuta yangu. Mpwa wangu akapendekeza tuipandishe YouTube, isipotee tena. Shangazi akamkatalia katakata. Yule bwana harusi, alisema, ameshaoa mara mbili tangu hapo, na yeye hataki mtaa mzima uanze kuhesabu upya.