Kinondo: Msitu Usiomngoja Tarzan

Ukivuka Likoni kwa feri na kushika njia ya Lungalunga, utafika Ukunda. Hapo kata kushoto uelekee baharini, kisha ufuate barabara ya Diani kwenda kusini hadi Kinondo. Njiani tazama juu: utaona madaraja ya kamba yaliyotundikwa ili mbega wavuke bila kugongwa na magari.

Nilikwenda huko kwa sababu ya sinema. Wako watu wanaokusanya filamu bubu za msituni kama wengine wanavyokusanya stempu. Uadimu ndio utamu wake, kwani mikanda ya zama zile huoza na hushika moto upesi, na mingi imepotea. "The Romance of Tarzan" ya 1918 haijapatikana mpaka leo. "Tarzan and the Golden Lion" ya 1927 ilidhaniwa imekwisha kabisa, nakala ikaja kuibuka baada ya miaka mingi. Basi mkusanyaji halali. Huenda iko nyingine ghalani mwa mtu.

Lakini msitu wenyewe, msomaji, ni kichekesho. "Tarzan of the Apes" ya 1918, aliyoicheza Elmo Lincoln, ilipigwa kwenye vinamasi vya Louisiana, Marekani. Manyani wake walikuwa wanaume waliovaa ngozi! Martin na Osa Johnson, waliotoa "Simba" mwaka 1928, angalau walikuja Kenya. Hata hivyo, katika sinema hizi pori halina mwenyewe. Lamngoja mgeni aje alitawale.

Kaya Kinondo ina wenyewe, nao ni Wadigo. Ni kama hekta 30 tu, na tangu 2008 imo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO pamoja na kaya nyingine za Wamijikenda. Tulifungwa kaniki kiunoni, tukaonywa tusitoke na chochote.

"Hata kijiti kilichoanguka, mzee?"

"Hata hicho, mwanangu. Kiache kilale."

Ndani ni baridi, mizizi imekumbatia miamba ya matumbawe. Kwingi hapo Diani msitu wa namna hii umepisha mahoteli na nyumba. Huu umesimama kwa sababu ya miiko ya watu walewale ambao sinema ziliwafanya wapagazi na maadui.

Mpwa wangu, mwanafunzi aliyekwisha kuona Tarzan wa kila aina, aliona mtambaa mnene ukining'inia, akanitazama. Nikamtikisia kichwa.