Difu ya Mjomba

Tangu mwaka 1972 mjomba wangu wa Mamba hakukanyaga kizingiti cha nyumba yetu Tanga, na sababu yake ni vyuma viwili vinavyoenea ndani ya kikapu cha sokoni. Baba sasa ni marehemu. Mwaka jana niliteremka basi Same, nikapita Kisiwani chini ya mlima, kisha tukakwea hadi Mamba katikati ya migomba na mashamba ya tangawizi. Nilikwenda kuviomba vyuma hivyo. Nilikuwa na deni jingine pia, nalo nitalitaja.

Msomaji aliyekulia pwani miaka ile ataukumbuka wazimu wa mashindano ya magari. Mwaka 1971 Edgar Herrmann alishinda East African Safari kwa Datsun 240Z. Mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akashinda kwa gari la aina hiyo hiyo, alama zake zikiwa sawasawa na za Harry Källström, hata ikabidi itazamwe nani alikwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu. Baina ya ushindi huo na huu, tajiri mmoja wa Tanga alilinunua gari kama hilo, akampa baba alishindanishe katika mashindano madogo ya mkoani. Fundi wake alikuwa mjomba.

Gari la namna hiyo husukumwa kwa magurudumu ya nyuma, na kati ya magurudumu hayo ndipo ilipo difu. Ndani yake gurudumu dogo la meno, pinioni, hulizungusha gurudumu kubwa, kroni. Kroni ikiwa na meno 37 na pinioni 11, pinioni huzunguka mara 3.36 ili tairi lizunguke mara moja. Pinioni ikiwa na meno 9, huzunguka mara 4.11, na nguvu ya kuvuta huongezeka kwa zaidi ya sehemu moja ya tano. Mlima hulainika. Lakini injini ikipiga mizunguko 6,000 kwa dakika katika gia ya nne, na tairi likiwa na mzingo wa karibu mita 2, gari ambalo lingekimbia kilomita 214 kwa saa huishia 175. Hakuna fundi awezaye kukupa vyote viwili kwa chuma kimoja.

Baba alipitwa kwenye tambarare. Alirudi nyumbani akisema shemeji yake amemfunga miguu. Tajiri akaamuru meno ya zamani yarudishwe, na yale ya 37 kwa 9 akapewa mjomba badala ya ujira. Mama, aliyekuwa dada wa mmoja na mke wa mwingine, alinyamaza.

Mimi sikunyamaza. Nilikuwa na miaka 15 na nimeanza kuona utamu wa vina. Nikatunga shairi la kejeli, nikakitia difu kina kimoja na hafifu, nikalighani arusini mbele ya watu. Walicheka sana. Likafika Mamba kabla ya salamu zetu.

“Shikamoo, mjomba.”

“Marahaba, baba. Umechelewa.”

Amepita miaka 80. Nilimweleza kwamba mdogo wangu aliyeko Mombasa anafufua 240Z na wenzake, wakiitamani ile Safari ya magari ya kale iliyoanza mwaka 2003. Kwamba wameshapata difu yenye sahani za msuguano, ili gurudumu moja lisizunguke bure topeni, na wanatafuta meno. Hakujibu. Akaleta kifurushi cha kitambaa kilicholoa oili, ile nzito yenye harufu ya kiberiti.

“Hivi vilisagwa pamoja kiwandani,” alisema. “Ukichukua kroni ya huku na pinioni ya kule, zitalia mpaka zivunjike.” Akanionyesha namba zilizofanana. Kisha jambo ambalo sikulijua: 37 na 9 hazina kigawanyo cha pamoja isipokuwa 1, hivyo kila jino la pinioni hukutana na kila jino la kroni kabla ya kulirudia la kwanza. Pinioni huzunguka mara 37 ndipo mkutano ule ule urejee. Ndiyo maana huchakaa kwa usawa.

“Baba yako alikuja gereji akaniambia, nipe ya mlima. Nikamwuliza, na tambarare? Akasema tambarare ataijua mwenyewe.”

Sikuwa na la kujibu. Niliomba radhi kwa ajili ya marehemu, kisha kwa ajili yangu na shairi lile. Akasema hajapata kulisikia kwa mtunzi wake, nilighani. Nililighani kwa aibu, beti zote saba, naye akihesabu kwa vidole juu ya kroni. Nilipomaliza alikifunga kifurushi, akanikabidhi bila kutaja bei.

“Ubeti wa tatu,” alisema, “una mshororo uliopungua mizani.”