Kupanga Ardhi Ni Kusikiliza Watu



Kazi yangu ni kusaidia vijiji kupanga matumizi ya ardhi. Lakini chuo kikuu nilisomea saikolojia, yaani elimu ya akili na tabia za watu. Nilipomaliza sikupata kazi ya elimu hiyo. Nilifundisha shule. Mwaka 2012 nilikuwa karani wa sensa. Baadaye nilikwenda Dodoma kusomea mipango ya vijiji.

Je, elimu yangu ya kwanza ilipotea? La. Ugomvi wa ardhi ni ugomvi wa watu. Mkulima anataka shamba. Mfugaji anataka malisho na njia ya kupeleka ng'ombe mtoni. Mama anayetafuta kuni hukaa nyuma, hasemi. Inafaa aulizwe yeye pia, kabla mipaka haijachorwa.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema Halmashauri ya Kijiji isigawe ardhi kabla Mkutano wa Kijiji haujakubali. Mkutano huo ni wa watu wazima wote wa kijiji, wanawake na wanaume. Basi ukiitwa, nenda. Uliza: malisho yako wapi? Kuni tutakata wapi? Ukinyamaza leo, kesho utalima mahali ulipopangiwa na wengine.